Salamu za Jumapili kutoka Masumbwe

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nasema mapema ili asitokee mtu mbele ya safari akajifanya kanigundua. Wenzangu wengine wamezeeka na wivu umewaisha, wanakaa wanacheka mambo yao ya ujanani. Wangu uko palepale. Mpaka leo nikisikia redio ya jirani inasoma salamu, mkono unasimama kwenye chungu, nasikiliza kama kuna mtu wa Masumbwe.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli pale Ibadakuli, kibanda chake kando ya njia ya kwenda uwanja wa ndege. Miaka ninayoisimulia ni ile ya mwanzo wa themanini, ambayo kila kitu kilikuwa hakuna. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa ukiyasikia unakimbia na dumu. Tairi za baiskeli ndiyo usiseme. Mume wangu alikuwa anashona tairi kwa uzi wa gunia, na mpira wa ndani uliokwisha kabisa anaujaza majani makavu, mwenye baiskeli anaondoka anadundadunda mpaka kwao. Watu walimsifu kwa ufundi huo. Mimi nilimsifu kidogo tu, maana mikono hiyohiyo iliyotulisha ndiyo iliyokuwa inaandika kadi.

Kadi za salamu, ndiyo starehe aliyokuwa nayo. Hanywi, havuti, mpira haendi kutazama. Alikuwa na redio ya bendi tatu yenye mfuko wa ngozi, aliyoinunua enzi pamba ilipokuwa pamba, na kila Jumamosi anakaa na kalamu yake anaandika kadi ya kupeleka kwenye kipindi cha salamu. Kadi inasomwa Jumapili alasiri, nchi nzima inasikia: fulani wa Shinyanga anawasalimu fulani wa Kigoma, fulani wa Lindi, fulani wa wapi sijui. Watu ambao hajawahi kuwatia machoni! Lakini wanasalimiana kila wiki kama ndugu waliolala kitanda kimoja, na wengine wanaandikiana barua, wanaulizana habari za mvua na za wagonjwa.

Siku ya Jumapili ua wetu ulikuwa unajaa majirani. Redio zilikuwapo kwenye nyumba nyingine, betri ndizo zilikuwa hazipo. Za kwetu alikuwa anaanika juu ya bati tangu asubuhi zishike joto, kisha anazigongagonga kwa jiwe mpaka zinabonyea, anazipanga ndani ya redio na kuifunga kwa kamba ya mpira. Zikikubali tunasikia kipindi chote. Zikikataa, sauti inapungua, inapungua, watu wote tunainama kichwa kwenye redio mpaka tunagongana mapaji ya uso, halafu kimya.

Sasa nieleze wivu wangu ulipoanzia, maana haukuanzia Masumbwe. Kwenye kadi zake mume wangu alikuwa anasalimu watu thelathini na zaidi. Kaka zake, shemeji zake, rafiki zake wa salamu, dereva mmoja aliyempa lifti hadi Nzega. Mwisho kabisa anaandika: na wote wanaonifahamu. Basi mimi mkewe nilikuwa humo, kwenye wote wanaonifahamu, pamoja na mbuzi wa jirani. Nilisoma mwenyewe. Nilikwenda kisomo cha watu wazima kwa bidii zote, na nadhani nilikwenda kwa ajili hiyo tu, nijue anawaandikia nini hao watu.

Siku moja nikamuuliza, mimi humu niko wapi? Alikaa muda anazungusha kalamu. Akasema, nikutaje vipi sasa? Na mimi sikumuuliza tena, kwa sababu nilijua anachokikwepa.

Kwetu mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake la usichana mbele ya watu, sembuse redioni, baba mkwe na mama mkwe wanasikiliza. Anaitwa Mama wa mtoto wake. Mimi mtoto sikuwa naye. Tuliwahi kupata mmoja, wa kike, alikaa siku tano. Kwa Waislamu wa pale mtaani mtoto hupewa jina siku ya saba, akachinjiwa, watu wakala. Wangu hakufika siku ya saba. Wanaume walimbeba kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani kama desturi ilivyo, na bibi mmoja akaniambia nisilie sana wala nisimtaje, nikimtaja mwingine atachelewa. Basi sikumtaja. Mume wangu naye hakumtaja. Miaka saba ikapita, na huyo mwingine hakuja.

Kwa hiyo mtaani nilikuwa mke wa fundi. Kwenye orodha ya sukari, mke wa fundi. Bombani, mpishe mke wa fundi. Wenzangu wote walikuwa Mama nani na Mama nani, hata wasichana wadogo niliowachezea ngoma za harusi zao juzijuzi. Nilikuwa nawaonea wivu mpaka nikiitikia salamu zao meno yananiuma.

Hapo ndipo akaingia mwanamke wa Masumbwe. Kadi zake zilianza kusomwa msimu mmoja wa masika, na tangu ya kwanza mtu wa kwanza kumsalimu ni mume wangu. Si wa tatu, si wa kumi. Wa kwanza! Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri, akilitamka jina la mume wangu linatoka laini, na majirani wananigeukia. Mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa ananisukuma kwa kiwiko na kuniuliza kama mwenzangu hajambo huko Masumbwe. Nacheka. Utafanyaje? Nacheka huku nazisonga pindo za kanga mpaka zinachanika, na kanga siku hizo ukichana hupati nyingine.

Nilimuuliza mume wangu huyo ni nani. Akasema ni mtu wa salamu tu, kama wengine. Nikauliza ana umri gani, akasema hajui. Nikauliza ana mume? Akasema hakumuuliza. Hajui, hakuuliza, lakini barua zinakuja, bahasha za buluu zenye mwandiko wa kulala upande, na yeye anaziweka kwenye boksi la vifaa vyake analolifunga kwa kufuli. Boksi la spana lina siri gani la kufungwa kwa kufuli?

Ikafika Jumapili moja, betri zimekubali vizuri, ua umejaa. Kadi ya Masumbwe ikasomwa. Mtangazaji akasema mwanamke yule anamsalimu kwanza kabisa Baba fulani, fundi wa Ibadakuli, Shinyanga. Hakulitaja jina la mume wangu. Alimtaja kwa jina la mtoto. Jina la mtoto wa kike, zuri, la Kiislamu. Siliandiki hapa.

Hata mke wa balozi hakunisukuma, na hilo ndilo lililonitisha. Mume wangu alikuwa ameshika redio, nikamtazama usoni nione kama atashangaa. Hakushangaa. Aliinamisha kichwa, akaanza kukaza ile kamba ya mpira ambayo ilikuwa imekaza.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Kuna mtoto Masumbwe. Ana mama, mama ana mwandiko wa kulala upande, na sasa hawaoni haya, wanatangaziana kwenye redio nchi nzima isikie kwamba fundi si mgumba, mgumba ni yule aliye naye. Sikulala vizuri siku nyingi baada ya hapo. Nilikuwa nahesabu safari zake zote za miaka ya nyuma, ile ya kufuata spoku Kahama, ile ya msiba wa mjomba. Siku tatu msibani, alirudi siku ya tano. Hizo mbili alikuwa wapi?

Kumuuliza sikumuuliza. Mwenye wivu hataki kujibiwa, anataka kushika mtu.

Wiki hizohizo serikali ikaanza msako wa walanguzi. Atakayekutwa na bidhaa ndani bila maelezo atakiona. Watu walichanganyikiwa. Huyu anatupa katoni ya sabuni kisimani, yule anazika vitenge shambani, na waliokuwa hawana kitu nao wanahangaika wakikutwa na vipande viwili vya sabuni watasema nini. Mke wa balozi alipita nyumba kwa nyumba kutuonya, na nadhani alifurahia kidogo.

Sasa mume wangu alikuwa na betri nne mpya. Mpya kabisa, kwenye karatasi yake. Alipewa na mchimbaji wa dhahabu wa pande za Geita aliyemtengenezea baiskeli. Wale walikuwa hawakosi betri, kwa ajili ya tochi wakishuka kwenye mashimo yao. Alizificha ndani ya debe la unga wa mtama, akawa kila jioni anafungua debe kuzitazama tu. Alikuwa anaziwekea sikukuu.

Nilizitoa zote nne nikazitumbukiza chooni. Moja moja, nikisikiliza kila moja inavyofika chini. Aliporudi nikamwambia nimeogopa msako, nimesikia wanakuja. Nilisema kwa sauti ya kutetemeka, na sauti ilitetemeka kweli, lakini si kwa woga. Hakunigombeza. Alikwenda kusimama mlangoni mwa choo kama mtu aliyekwenda kutoa pole. Kisha akasema nimefanya vizuri, roho zetu ni bora kuliko betri. Angenipiga kofi lingeniuma kidogo kuliko maneno hayo.

Na redio haikunyamaza! Betri zake za kuanika zikajitahidi, Jumapili ileile kadi ya Masumbwe ikasomwa tena. Baba fulani. Nikasema basi, nakwenda.

Nilimdanganya kwamba nakwenda Kagongwa kwa dada yangu, ana homa. Dada hakuwa na homa, alikuwa anapepeta mpunga, na nilipomsimulia aliacha ungo palepale. Dada yangu alikuwa na wivu kunishinda, sisi ni wa ukoo mmoja. Alinishauri nisiende na ugomvi, niende kama mgeni, nimtazame mtoto masikio. Mume wangu alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama, huwezi kuyakosea. Mtoto akiwa na masikio hayo, dada akasema, hapo ndipo umvue mwanamke kilemba. Asubuhi akanipakia kwenye lori la mbegu za pamba linalopitia Kahama, akanifungia matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, nile njiani. Sikula. Nilikaa juu ya magunia nafanya mazoezi ya maneno nitakayosema, na maneno yalikuwa makali, mengine siwezi kuyaandika.

Masumbwe nilifika kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na anwani tu, lakini nilipomtaja mtu wa salamu, kila mmoja alimjua. Nikaonyeshwa nyumba ya bati yenye maua ya makopo. Uani kulikuwa na mzee wa kiume amekaa na redio ameifungua yote, vyuma viko juu ya mkeka, na kando yake mwanamke mnene mwenye mvi, miwani imefungwa uzi, anafuma kwa sindano mbili.

Nilikuwa nimeapa simwamkii. Lakini mvi zile nilipoziona shikamoo ilinitoka yenyewe, na magoti yakainama. Akaitikia marahaba, akauliza natoka wapi. Nikasema Shinyanga, Ibadakuli, kwa fundi baiskeli.

Aliweka chini sindano zake. Akaniita Mama, akaunganisha na jina lile.

"Umekuja! Mzee, huyu ndiye Mama yake! Karibu mwanangu, karibu sana. Na mwenyewe umemwacha na nani?"

Sikujua anamsema mwenyewe nani. Nilikuwa bado nimesimama pale, maana tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniita Mama nani. Ndiyo kwanza naitwa, naitwa na mtu niliyekuja kumvua kilemba. Nikasema tu, nimemwacha na baba yake.

Aliniketisha, akaniletea maji na uji wa mtama, akaomba radhi kwamba hauna sukari kama vile mimi nilitoka kwenye nchi yenye sukari. Mzee wake naye akanishukuru kwa barua za mume wangu. Wao watoto wao walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, nyumba imebaki na redio, na barua za fundi zilikuwa zinawachangamsha. Halafu yule mama akaingia ndani, akatoka na barua moja, akaniambia hii ndiyo aliyoipenda kuliko zote, ile aliyomuuliza mume wangu ana watoto wangapi.

Mwandiko ulikuwa wa mume wangu. Nasoma polepole, kisomo hakinifanyi mwepesi, kwa hiyo nililiona kila neno peke yake. Tuna mtoto mmoja, wa kike. Jina lake lile. Alizaliwa alfajiri ya Ijumaa, mvua inanyesha, hata mkunga alifika amelowa. Ana alama nyeusi ndogo nyuma ya sikio la kushoto. Mama yake anampenda sana.

Alama ile nilikuwa naijua. Nyuma ya sikio la kushoto, chini kidogo ya nywele. Niliiona siku tano, nikiwa nanyonyesha. Nilidhani naijua mimi peke yangu.

Sikulia. Wale wazee wawili walikuwa wananitazama kwa furaha, wanangoja nicheke, basi nikacheka. Yule mama akanyanyua alichokuwa anafuma. Lilikuwa sweta dogo la rangi ya udongo, limebaki mkono mmoja. Alisema nyuzi hazipatikani popote, amefumua sweta lake mwenyewe alilolivaa miaka mingi, na amekuwa akikisia kwa kukumbuka wajukuu, lakini kukisia kuna wasiwasi. Sasa Mungu kamleta mama mwenyewe. Akanyoosha sweta mbele yangu.

"Hebu nionyeshe, mwanangu. Amefika wapi sasa?"

Kwetu mtoto wa mtu haonyeshwi kwa kiganja kilicholala, hivyo ni mbuzi. Anaonyeshwa kwa mkono uliosimama, vidole juu, ili azidi kukua. Niliuinua mkono. Sikuwahi kufikiria hata siku moja angekuwa amefika wapi. Niliuinua hadi kiunoni, nikaona hapana, miaka saba, na baba yake ni mrefu. Nikauongeza kidogo, nikauacha hapo.

"Hapo," nikasema.

Akapima kwa macho, akasema basi ataongeza vidole viwili kwenye mkono. Aliumaliza mchana uleule, mimi nimekaa namsubiri, akanisimulia mengi nami naitikia. Alinifungia sweta kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani, na lori lilipoondoka alikuwa bado anapunga mkono, anamsalimu mtoto.

Kwa dada nilipita sikukaa. Aliniuliza masikio, nikamwambia ni yale yale. Sikuweza kumwambia zaidi.

Nilimkuta mume wangu kibandani, anaziba pancha. Nilifungua gazeti nikaliweka sweta juu ya meza yake, katikati ya spana. Hakuuliza nimelitoa wapi, alijua mkono wa nani. Hakuligusa, vidole vyake vilikuwa na grisi.

"Jina ulimpa lini?" nikamuuliza.

"Makaburini," akasema. "Mzee aliyetuongoza alisema asifukiwe bila jina. Akaniuliza mimi baba. Nikalitaja."

"Na mimi je?"

"Waliniambia nisikutajie."

Alisema hivyo akifuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja, na havikuwa vinatakata. Akaeleza kwamba jina lilikuwa linamkaa kooni miaka yote, hapa nyumbani hawezi kulisema, na yule mama alipomwandikia kumuuliza watoto, mtu wa mbali ambaye hatamwona, akajikuta ameliandika. Hakujua kwamba siku moja litasomwa redioni. Liliposomwa aliogopa kunitazama.

Nami nikamwambia za kwangu. Kwamba betri sikuogopa msako wowote, nilizitupa kwa roho mbaya, na nilikwenda Masumbwe kuvua mtu kilemba. Akasema betri alijua. Nikakasirika upya! Alijua, akaniacha nijione mjanja wiki zote hizo.

Usidhani nilisamehe siku ile. Nilikaa na hasira mpya, mbaya kuliko ya kwanza. Ile ya kwanza nilikuwa namwonea wivu mwanamke kwa ajili ya mume, jambo la kawaida, hata nyimbo zinaimba. Hii nilikuwa nawaonea wivu wote wawili kwa ajili ya mtoto wangu. Bibi wa Masumbwe, mtu baki, alilijua jina la binti yangu kabla yangu. Alilitamka mezani kwake, akalitumia posta, akalifumia sweta. Mtangazaji alilitamka. Mke wa balozi alilisikia. Waliolichimba kaburi walilijua siku ileile. Mimi niliyemnyonyesha nilikuwa wa mwisho katika nchi nzima. Ndiyo maana siliandiki hapa. Mmeshalisikia vya kutosha wengine.

Jumamosi akakaa na kalamu, hajui aandike nini. Nikasimama nyuma yake. Nikamwambia aanze na mimi. Akauliza nikutaje vipi, swali lilelile la zamani, lakini safari hii alikuwa ananitazama. Nikamwambia anajua. Akaandika: kwanza kabisa namsalimu Mama, na jina la mtoto, wa hapa Ibadakuli. Kadi niliipeleka posta mwenyewe, nikahakikisha imeingia sandukuni, nikaingiza na vidole kuhakikisha tena.

Ikapita Jumapili moja, ya pili, ya tatu, haisomwi. Ya nne betri hazikushika joto, mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Tulimsikia mtangazaji anakaribisha kipindi, anasoma kadi ya mtu wa Tabora, sauti ikaanza kupungua. Tuliinama wote wawili. Nilisikia kama Shinyanga. Kisha kimya. Mume wangu alizitoa akazigonga, akazigonga, nikamwambia aache. Moyoni nilikuwa nazihesabu zile nne zilizoko chini ya choo changu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda bombani na ndoo yangu. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wananong'ona, wakaacha waliponiona. Kumbe jana kuna redio mtaani iliyokuwa na betri, na kadi yetu walikuwa wameisikia. Nilijua wanachofikiri. Wanafikiri nimekubali mtoto wa nje, nimeamua kumwita wangu, na wengine watanisifu kwa moyo mkubwa na wengine watanicheka mpaka jua lizame. Mke wa balozi alikuwa wa mbele, amekwisha kutega ndoo yake. Nilijiandaa, nilijua mdomo ule.

Aliitoa ndoo yake chini ya bomba, haijafika nusu. Aligeuka mbele ya foleni yote.

"Mwangaluka, Mama," akaniamkia kwa Kisukuma, akalisema na jina la mwanangu, lote, vizuri, bila utani. "Njoo uteke."

Nikaitikia. Niliiweka ndoo yangu chini ya bomba, nikalifungua mpaka mwisho, maji yakapiga kelele kwenye bati, na mimi nikainama pale juu yake kama mtu anayeangalia imejaa wapi.